Ekari Mbili Ukutani

Kabla sijasema habari ya kompyuta na wale vijana, wacha kwanza niseme habari ya kumbikumbi, kwa sababu huko ndiko kazi yangu ya mbao ilikotokea, na bila mbao mimi na kompyuta tungejuana wapi.

Upande wa Misikhu nilikozaliwa, kila kichuguu kilikuwa na mwenyewe. Mgeni akipita aliona udongo umeinuka tu, lakini sisi tulijua hiki ni cha fulani, na kile pale ni cha nyanya yake fulani. Baba alikuwa na viwili. Mvua za kwanza zikishanyesha tulikata fito, tukajenga kama kihema kidogo juu ya kichuguu, tukafunika na blanketi kuukuu na majani ya ndizi, halafu sisi watoto tukakaa chini kupiga vijiti juu ya ubao, mchana kutwa, ili kumbikumbi walio ndani wadhani ni mvua. Nao wakatoka. Mama aliwakaanga bila kuongeza mafuta, maana wana yao ya kutosha. Jumapili moja jirani alitupigia kichuguu chetu tukiwa kanisani, akabeba ndoo nzima. Baba alimfuata na mpini wa jembe, na hawakusalimiana tena mpaka yule jirani alipozikwa. Hata siku ya mazishi baba alisimama mbali, kofia kichwani. Sisemi alifanya vizuri. Nasema alivyofanya.

Lakini kumbikumbi ana ndugu yake, mchwa wa kawaida, na huyo hana faida kwa mtu. Alikula sanduku la mama pamoja na nguo za kanisa. Alikula kiti cha mzee wa mtaa, siku moja kikamwangusha mbele ya watu. Mwisho akala nguzo za shule yetu, paa likakaa chini kama kuku anayeatamia, na kwa bahati ilikuwa likizo. Shule ikafungwa ili ijengwe upya. Wenzangu walirudi ilipojengwa. Mimi sikurudi. Kwa hiyo mtu akiniuliza nimesoma mpaka wapi namwambia nimesoma mpaka darasa la tatu, hapo mchwa wakachukua.

Baba alinipeleka Bungoma kwa fundi mmoja Mwislamu, mzee aliyekaa nyuma ya msikiti, ambaye alijua mbao gani mchwa hali. Huyo ndiye alinifundisha mvule na tiki ya Elgoni, randa na patasi, na jinsi ya kuunganisha bila misumari. Alikuwa na tabia moja. Mteja akija kuchukua kiti, mzee alikipindua miguu juu kwanza, amwonyeshe chini. Alisema kiti ambacho fundi hataki ukipindue, usikikalie. Nilitoka kwake nikiwa mtu mzima, nikaenda Kitale kufanya kazi, nikapata shamba la sitlementi, yale ya Wazungu yaliyogawiwa watu, huko Naitiri nikiwa na nguvu zangu, nikaoa, nikazaa, mke akafa, nikaendelea kupiga randa. Hayo ni mengi, nayaruka.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe.

Kwenye miaka ya elfu mbili na tatu, na nne, pale Kitale, mtu mmoja alifungua saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Aliniita nimtengenezee vizuizi vya plaiwudi vya kuweka kati ya kompyuta na kompyuta. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema watu wanataka kuandika bila jirani kuona. Nikavitengeneza vizuri, virefu kupita kichwa cha mtu aliyekaa. Kazi ilimpendeza, akaniambia nikitaka kuandika barua kwa kompyuta nipande tu Jumamosi, nitafundishwa.

Na mimi nilikuwa na barua ya kuandika. Binti yangu, mtoto wangu wa pili, alikuwa ameolewa huko kwetu Misikhu. Akakaa miaka bila mtoto, mume akamrudisha nyumbani na mfuko mmoja wa nailoni. Hakulia. Alisomea uuguzi, akaenda ng'ambo kuwahudumia wazee wa Wazungu. Barua zake za posta zilichukua mwezi. Akaniandikia, baba, tafuta imeli.

Msichana wa kaunta alinifungulia. Akaniambia nichague paswadi, neno ambalo sitasahau na ambalo nitaweka mwenyewe. Sasa nikuulize wewe, mwanamume wa Kibukusu hawezi kusahau neno gani? Jina la mke anaweza kulisahau akiwa amelewa. Rika lake haliwezi kumtoka. Ile siku unasimama uwanjani asubuhi, umepakwa matope kutoka kichwani mpaka miguuni, baridi ya Agosti, hupepesi jicho, unaingia rika na unakaa humo mpaka kaburini. Mimi ni wa rika la Nyange. Nikaandika nyange, na mwaka niliotahiriwa mbele yake. Nikaona nimefunga mlango kwa mti wa mvule.

Nilikuwa napiga herufi kwa kidole kimoja. Barua ya mistari sita ilinichukua saa nzima. Lakini ilifika siku ile ile, na jibu likaja, na nilizoea.

Siku moja binti aliniandikia swali. Aliuliza, baba, nikirudi nitashukia wapi? Maneno hayo tu, hakuongeza. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikatamani kukifunika na koti. Kwetu msichana aliyerudishwa hana pahali. Kwa mume si kwake, na kwa baba ni kwa kaka zake. Akifa hata kumzika ni mkutano. Nikaamua. Shamba ni langu, nilililima na mgongo huu. Nikaamua kumkatia ekari mbili kule chini karibu na mto, ziandikwe jina lake, awe na hati mkononi.

Hilo lilihitaji kupita bodi ya ardhi. Na bodi, kama mtu wa familia akisimama akasema anapinga, faili inafungwa, na ikifungwa kuifungua ni kazi ya miaka. Kijana wangu wa kwanza ndiye alikuwa akilima lile shamba lote la Naitiri. Nilimjua. Kwa hiyo nilileta mtu wa kupima siku kijana amesafiri, nikapeleka karatasi kimya, nikangoja siku ya kikao. Tuliojua ni mimi na binti peke yetu. Usiniambie ni ujanja. Ndiyo, ni ujanja. Baba mzima kumficha kijana wake jambo la shamba ni aibu, na nilikuwa tayari kuibeba aibu hiyo karatasi ikishatoka.

Jumamosi pale saiba kulikuwa na kikundi cha vijana wa mambo ya kompyuta. Walikuwa watano, wakati mwingine sita, na hawakuja kuandika barua. Walikuja kubishana. Walisema programu zote za kompyuta zinatakiwa kuwa huria, yaani zinapotolewa zitolewe na maandishi yake ya ndani, kila mtu aone zilivyotengenezwa, arekebishe, ampe mwenzake. Mwenye saiba alikuwa akitumia programu za kampuni, tena za wizi, na wao walimwandama kila wiki. Yeye alisema, nyinyi mnataka fundi asile. Wao walisema, fundi ale kwa kazi ya mikono yake, asile kwa kuficha.

Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya Bungoma, kijana mwembamba, mwenye adabu, anakuja na mfuko umejaa sidii za kugawa bure. Aliniita kuka, ndivyo tunavyomwita babu. Nilimpenda, ni lazima niseme. Siku moja nikawaingilia, nikawaambia habari ya fundi wangu na viti vilivyopinduliwa. Wakafurahi sana. Mwalimu akasema, "Kuka, wewe ulikuwa huria kabla yetu bana." Tangu siku hiyo nikawa mtu wao. Walinipa kiti. Walinieleza mambo, nami niliyashika. Kwa mfano mwalimu alinieleza kwamba kufuli nzuri ni ile ambayo hata mwizi akijua ilivyotengenezwa haimsaidii, kwa sababu siri iko kwa ufunguo. Nikasema hiyo ni kweli kabisa, hata kwa milango.

Ndipo yakatokea mabishano ya usalama. Mwenye saiba alisema kompyuta zake hakuna wa kuzihaki, kuhaki ndilo neno lao la kuvunja na kuingia kwa kompyuta ya mtu. Mwalimu akasema, kompyuta hatutazigusa, watu wenyewe wanaacha milango wazi, na siku ya mkutano ataonyesha. Wakapanga mkutano Bungoma, mchana, katika ukumbi wa kukodi, vijana wa Kitale na wa Bungoma pamoja. Wakaniomba niwatengenezee fremu ya kushikilia kitambaa cheupe cha projekta. Nikaitengeneza kwa saipresi, nyepesi, inayokunjika. Nikaibeba mwenyewe mpaka Bungoma, na wakanikalisha mstari wa mbele kama mgeni wa heshima, na soda.

Mwalimu alianza kwa utani. Alisema, nikitaka kuingia kwa imeli ya mzee wa huku kwetu sihitaji kuhaki. Naenda saiba, naandika herufi moja, kompyuta inanitolea anwani za wote waliokaa hapo kabla yangu. Halafu namtazama mwenye anwani akipanda ngazi. Mvi kichwa kizima, naandika Nyange. Upara, naandika Maina, rika linalofuata. Kitambi cha kazi ya serikali, naandika Chuma. Naongeza mwaka wa kutahiriwa, na miaka yenyewe ni michache, nikikosa huu najaribu ule. Akasema, "Mlango wa mzee wa Kibukusu unafunguliwa kwa mvi zake."

Ukumbi ulicheka. Na mimi nilicheka, ni lazima niseme, nilicheka mpaka nikashika goti la jirani. Halafu nikakumbuka neno nililoandika mimi mwenyewe pale saiba.

Akasema wengine hawaamini, basi tazameni. Projekta ikawaka. Barua ikatokea juu ya kitambaa, pale kwa fremu yangu. Juu, palipo na jina, ameweka mstari mweusi.

Mimi husoma neno kwa neno, midomo ikitikisika. Watu wote waliomaliza shule walisoma ile barua kama mtu anameza maji. Mimi nilikuwa nimefika tu kwa mto, wao wakaanza kucheka, nami sijui wanacheka nini. Nikaendelea polepole. Binti yangu usilie. Nimekukatia ekari mbili kule chini kwa mto, kutoka mkuyu mpaka kwa kisima. Ndugu yako asijue mpaka karatasi itoke kwa bodi. Yeye ana tamaa kama babu yake mzaa mama.

Hapo ndipo walipochekea. Nilipofika hapo wao walikuwa wameshanyamaza na wameenda kwa jambo lingine. Nilikuwa wa mwisho kuisoma barua yangu mwenyewe.

Nilisimama. Mwalimu alinitazama, na nikaona kwa macho yake kwamba alijua tangu mwanzo ni ya nani. Hakuikosea. Aliichagua.

Akasema, "Kuka, usijali, jina si nimelifunika."

Nikamwambia, "Umefunika jina ukaacha shamba."

"Hakuna mtu hapa anaweza kujua ni nani."

"Mkuyu wa Naitiri ulio karibu na kisima ni mmoja. Mzee wa Naitiri mwenye binti ng'ambo ni mmoja. Ulitaka waje wakushike mkono wakuonyeshe?"

Akaanza kueleza. Ati watu hawajifunzi mpaka waone. Ati mwizi wa kweli hangefunika hata jina. Na wenzake, badala ya kuzima ile mashine, wakaanza kubishana. Mmoja akasema ilikuwa lazima aniombe ruhusa kwanza. Mwingine akasema ukimwomba ruhusa atabadilisha paswadi na hakutakuwa na onyesho. Wa tatu akasema kwanza tukubaliane barua kwa kompyuta ya watu ni mali ya nani. Walibishana juu yangu kama mimi ni ubao umelazwa mezani, huyu anasema ukatwe hapa, huyu hapa. Na ekari zangu mbili ziko ukutani, herufi kubwa kama za kanisani. Nilienda mwenyewe, nikakunja fremu. Mwanga ukapiga ukuta wenyewe, na barua bado ilisomeka. Mpaka msichana mmoja kule nyuma akachomoa waya.

Kumbe mle ukumbini kulikuwa na kijana wa Naitiri, anasomea kompyuta. Alikuwa na simu. Simu zilikuwa zimeshaingia. Nilipofika nyumbani Naitiri saa kumi hivi, kijana wangu wa kwanza alikuwa amekaa kwa kiti changu nje, ameshika fimbo, na ndugu yangu mdogo yuko naye. Hawakunisalimu.

Kijana akasema, "Baba, ati mimi nina tamaa?"

Nikavua kofia. Akaendelea:

"Ati kama babu mzaa mama. Mama yangu amelala pale nyuma ya nyumba na wewe unamtukania baba yake kwa kompyuta, watu wa Bungoma wacheke."

Ndugu yangu akadakia, ati si afadhali ningemwambia mwenyewe uso kwa uso, kijana angekubali, ni mtu mzuri. Huo ni uongo na yeye anajua ni uongo. Angekubali lini? Lakini sasa walikuwa na kitu cha kushika. Kabla ya hapo kijana angeonekana mbele ya bodi kama mtu wa kumnyima dada yake. Baada ya ile barua yeye ndiye aliyetukanwa, yeye ndiye aliyefichwa, yeye ndiye wa kuonewa huruma. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Hawakuniibia siri tu, walimpa kijana wangu haki ambayo hakuwa nayo.

Bodi ilikaa. Walisimama wawili, kijana na ndugu yangu, wakasema wanapinga. Mwenyekiti akaniuliza kama nilikuwa nimewaarifu. Nikasema hapana. Akafunga faili mbele yangu, hakutumia hata dakika mbili. Akasema twende nyumbani tukaelewane kama familia. Tukaelewane. Mpaka leo nangoja huko kuelewana.

Nilipanda kwa saiba siku ya katikati ya wiki nimwambie binti. Msichana wa kaunta alikuwa amesikia. Aliniambia kwa upole nibadilishe paswadi kwanza. Nikamwambia, siri imebaki ipi? Nikaandika yote kwa kidole kimoja, mpaka saiba ikakaribia kufungwa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Lilisema, baba, basi, usigombane nao tena kwa sababu yangu, mimi nimeomba karatasi za kukaa huku. Na akauliza kama mguu wangu uliokuwa ukinisumbua umepona. Nililisoma mara nne. Nilitafuta hasira ndani yake sikuipata, na ningefurahi kuipata.

Wale vijana walinitumia ujumbe. Jumamosi nije, watazungumza kuhusu lililotokea, wamelifanya ajenda. Nilienda. Sijui nilitarajia nini. Labda nilidhani watakwenda Naitiri pamoja nami, wasimame mbele ya kijana wangu na mbele ya bodi, waseme ni sisi tuliovunja mlango wa mzee huyu, tuhukumuni sisi, mtoto wa watu asikose pahali pa kushukia. Ningewasamehe. Kwetu mtu akikosa anakuja nyumbani, anakaa chini, anasema. Si jambo gumu.

Walikuwa wamepanga viti mviringo. Mwalimu alisimama aliponiona, akaja kunishika mkono kwa mikono miwili, akasema anasikitika sana, na nadhani alisikitika. Halafu akasema wanataka niwaelezee jinsi nilivyoumia, wataandika, wataiweka kwa mtandao watu wa nchi nyingine wasome na wajifunze. Bila jina, akasema. Nikamtazama nione kama anacheza. Hakuwa anacheza.

Nikamuuliza, "Utakuja Naitiri useme ulichofanya?"

Akasema, "Kuka, hiyo ni mambo ya familia. Mimi siwezi kuingilia."

Hawezi kuingilia. Aliingia kwa barua yangu na binti yangu, akasimama ndani akiwa na viatu, na sasa hawezi kuingilia mambo ya familia.

Yule mwingine, aliyesema ilikuwa lazima niombwe ruhusa, akaanza kusema kwamba kuna hoja pale. Mwingine akamkatiza, ati kwanza tuamue kama ile programu aliyoiandika mwalimu ya kukisia paswadi kwa marika tuitoe huria, kila mtu aitumie ajijaribu, ama tuifiche. Mwenye saiba akacheka kutoka kwa kaunta, akasema, leo nyinyi ndio mnataka kuficha? Wakawaka. Wa kutoa akasema kuficha ndiko kunakofanya watu wabaki wajinga. Wa kuficha akasema mwangalieni huyu mzee hapa. Wote wakanigeukia kunitazama, halafu wakageukiana tena, sauti juu, mwalimu amenyoosha kidole, anasema swali la msingi ni hili.

Nilichukua kofia yangu. Swali la msingi sikulisikia. Nilishuka ngazi, nikavuka barabara, nikaenda kumalizia kabati la watu, na pale juu sijapanda tena.